Siku Nilipomtoa Mrushaji kwenye Orodha

Jumanne moja, saa nne za asubuhi, nikiwa nimeketi mbele ya mlango wangu hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na ungo wa maharage mapajani, nilimtoa mtoto wa watu kwenye orodha. Nilimtoa kwa kidole hiki cha kulia, kidole kilichopanda mihogo kule kwetu Fizi miaka mingi kabla ya vita. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Hakuwa na baba wala mama, hakuwa hata na mwili, maana alikuwa mtu wa ndani ya mchezo wa telefone. Hilo nalijua, sihitaji kufundishwa. Basi mtu anieleze kwa nini niliinuka ghafla mpaka maharage yakamwagika chini na kuku wa jirani wakaja kula.

Mi sikusoma sana. Darasa la tatu, halafu jembe. Naandika hivi ninavyosema. Mwenye kucheka acheke, lakini jambo hili lilinishtua na bado linanishtua, na sitaki nife nalo peke yangu.

Naanza na mjukuu wangu. Ni mwanamke mzima, fundi wa kushona, ana mume anayejenga nyumba za watu upande wa Mitundu na kurudi mwisho wa mwezi. Mi njo nilimlea, tangu mama yake alipobaki njiani tulipokuwa tunakimbia. Ananiita koko, kama tunavyowaita bibi zetu kule kwetu. Miaka mitatu iliyopita alipoteza mimba yake ya kwanza. Mwaka uliofuata akapoteza ya pili. Tangu ile ya kwanza nikaanza kumwona kila siku, saa nane mchana, anaacha cherehani, anachukua telefone, anakaa kimya, anaitazama. Mara anatabasamu. Mara anauma mdomo. Nikajua hapa kuna mwanamume.

Mi sizunguki. Nilimwambia usoni, "Kama uko na bwana mwengine ndani ya ile telefone, unitajie leo, kabla sijasikia kwa bantu ba kanisa."

Akaniangalia. Akasema, "Koko, beko makumi ine."

Nilishika ukuta. Makumi ine! Yeye akacheka mpaka akakaa chini, mara ya kwanza kucheka tangu atoke hospitali mikono mitupu. Halafu akanieleza, na maelezo yalinishtua kuliko kama angekuwa na hao wanaume arobaini kweli.

Ni timu, akasema. Timu ya besiboli. Mchezo huo mmoja anarusha mpira mdogo, mwingine anasimama na fimbo anaupiga, akiupiga vizuri anakimbia. Nikamwambia huo mchezo naujua, kwetu wanaucheza wachunga mbuzi kwa mawe.

"Sasa banachezea wapi, bale bantu bako?"

"Habachezi mahali, koko."

"Namna gani habachezi mahali?"

"Habako. Ni kompyuta tu. Inabachezesha yenyewe, saa nane inaleta matokeo."

"Habako na beko na majina?"

"Beko na majina, beko na myaka, beko na nguvu na ugonjwa. Lakini habako."

"Na we, kama habako na kompyuta inabachezesha, kazi yako ni nini?"

Akafikiri kidogo. "Kupanga bantu na kungoja."

Alinieleza kwamba wako mameneja thelathini, kila mmoja katika nchi yake, hawajaonana hata siku moja. Mmoja alimwalika alipokuwa anajifunza kompyuta hapa kambini. Kila meneja ana timu ya juu na timu za chini. Kila siku wanacheza mara moja, na mwaka wa kule ni mwaka wa hapa. Meneja hapigi mpira. Meneja anasema nani apande, nani ashuke, nani aachwe. Na juu ya yote kuna orodha ya majina arobaini. Jina lako likiwa humo, hata ukicheza timu ya chini, hakuna meneja mwingine anayeweza kukugusa. Likitoka humo, uko wazi.

Nilimwambia, "Umekosa kazi." Nikarudi kwenye maharage yangu. Lakini kila siku saa nane nilimwona na telefone yake, na siku nyingine aliniambia habari za mmoja wao, mrushaji aliyempata akiwa na miaka kumi na sita, mwezi uleule wa ile mimba ya kwanza. Hakuwahi kunitajia jina lake. Alimwita muhogo wangu.

"Leo muhogo wangu bamemupiga tena vibaya, koko."

"Basi mufukuze."

"Nani anang'oa muhogo wa myezi tatu? We njo ulinifundisha."

Kweli, mi njo nilimfundisha. Muhogo wa Fizi unakaa ardhini mwaka na nusu, na ukiung'oa kabla, unatoa mizizi kama vidole vya mtoto. Siku nyingine nilimuuliza kwa nini anapoteza macho yake kwa mtu asiyekuwako. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano ya cherehani, hakuniangalia. Akasema, "Koko, mi nangojaka vitu mingi hapa. Iko kimoja tu chenye nikingoja, naona kinakomaa." Sikumuuliza tena.

Mwaka huu akashika mimba ya tatu. Ilipofika mwezi wa saba daktari akasema alale hospitali, mjini Lilongwe, mpaka siku yake. Alisema maneno matatu na mi nilikuwa nimesimama pale nikayasikia: alale, asiinuke, asishtuke. Wifi yake akaenda naye kumwangalia, maana hospitali za hapa mgonjwa lazima awe na mtu wake wa kumpikia na kumfulia. Mi nikabaki kulinda nyumba.

Asubuhi ya kuondoka akanipa telefone kubwa. Yeye aliondoka na ile ndogo ya vibonye, aliogopa kubwa itapotea wodini. Akanikalisha, akaniwekea kidole changu kwenye kioo.

"Koko, meneja akikaa siku tatu bila kuingia, timu banaipa mutu mwengine. Unafungua hapa kila asubuhi. Hii ya kijani, unabonyeza. Halafu unafunga. Basi."

"Na hii nyengine?"

"Hapana gusa."

"Na hii yenye mshale?"

"Koko. Hapana gusa. Bantu bote beko mahali pao. Kazi ni kuacha."

Nikamwambia nimelea watoto tisa, siwezi kushindwa na telefone. Alinibusu mkono, akapanda nyuma ya kabaza na tumbo lake, yule kijana wa baiskeli akaambiwa aende polepole mpaka barabarani, na nikasimama kuwaangalia mpaka vumbi likatulia.

Siku sita nilifanya kama nilivyoambiwa. Nafungua, nabonyeza kijani, nafunga. Lakini mtu ukipewa nyumba ulinde, utaangalia vyumba. Nikaanza kusoma. Kiingereza sijui, lakini majina ni majina na namba ni namba, na tarehe nazijua vizuri, mkimbizi gani hajui kusoma tarehe kwenye orodha? Nikaona mbele ya kila jina umri wake, na tarehe aliyoingia. Na siku ya saba, hiyo Jumanne, nikashuka mpaka timu ya chini, nikamkuta mzee mmoja.

Mzee nasema kwa mchezo wao, ana miaka thelathini na tatu. Aliingia timu hii zamani, kabla mjukuu wangu hajapewa. Nikahesabu kwa vidole, nikarudia. Miaka kumi na moja. Miaka kumi na moja yuko timu ya chini, na jina lake halijaandikwa kwenye orodha ya arobaini hata siku moja.

Nilishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Nikarudi juu kwenye hiyo orodha. Wamejaa watoto! Ishirini, ishirini na moja, ishirini na mbili. Wa mwisho kuingia kwenye orodha hiyo, kwa tarehe, ana miaka kumi na tisa, amewekwa humo mwezi uliopita tu. Mtoto wa jana yuko ndani, na mtu wa miaka kumi na moja yuko nje anamwangalia!

Hapa lazima niseme kazi yangu. Miaka mingi, mi njo nilikuwa nalinda mstari wa maji kwenye bomba la upande wetu. Watu hawawezi kusimama kutwa, kwa hiyo wanaacha bidoni, yale madumu ya maji, kwenye mstari, na asiye na bidoni anaacha jiwe lake, na jiwe hilo ni yeye. Akija baada ya masaa matatu, analikuta jiwe lake limesogea mbele kama angekuwepo. Mi njo nilisogeza mawe. Nilipiga watu fimbo kwa ajili ya mawe. Aliyekuja kwanza anateka kwanza, hata kama ni mlevi, hata kama simpendi. Bila hiyo, pale ni ngumi tu, na mwenye nguvu anakunywa. Hiyo njo haki ninayoijua. Sasa naona jiwe la mtu limekaa miaka kumi na moja na wengine wanalirukia. Tena ndani ya timu ya mjukuu wangu niliyemlea mwenyewe!

Nikasema, ananishangaza. Nikasema, pengine hakumwona.

Nikabonyeza mshale.

Yakatoka maneno ya Kiingereza na mahali pa kijani. Kijani njo niliyofundishwa, nikabonyeza. Yakatoka mengine, na orodha ya arobaini ikajitandaza yote, kila jina na kistari cha kukata pembeni. Nikaelewa bila kuambiwa: imejaa, mmoja atoke. Sikufikiri hata dakika. Nikatafuta tarehe ya mwisho. Aliyekuja mwisho ndiye anarudi nyuma. Nikabonyeza mkato, nikabonyeza kijani. Jina la mzee likapanda. Nilijisikia vizuri sana, nasema ukweli. Nilijisikia kama siku ambayo mstari umenyooka na kila mtu ameteka.

Ndipo nikaona jina la yule mtoto limegeuka jekundu, na pembeni yake saa ndogo inayohesabu kurudi nyuma.

Jirani yangu ni mjane kutoka Bukavu, alikuwa mwalimu, anajua Kifaransa na Kiingereza. Tunamwita mama mwalimu. Nikamwita juu ya uzio. Akaja anafuta mikono, alikuwa anasonga nsima. Akasoma. Akasoma tena. Akavua miwani.

"Bon, mama. Hii inasema umemutoa kwa liste. Siku mbili iko wazi. Meneja yeyote anaweza kumubeba, na wa timu ya mwisho njo anaulizwa kwanza. Kama hakuna mwenye kumutaka, anarudi kwenu, timu ya chini."

"Ni nani huyu?"

"Ni murushaji. Kumi na tisa. Muko naye tangu iko na kumi na sita."

Maharage yalimwagika hapo. Tangu ana kumi na sita. Muhogo wake. Nilikuwa nimeung'oa muhogo wake kwa kidole changu, na mwenyewe amelala Lilongwe ameambiwa asishtuke.

Sikulia. Mi silii ovyo. Lakini nilikumbuka jambo, nalo si la mchezo. Wakati fulani hapa kambini walihesabu watu, nami nilikuwa Mponela kuzika. Niliporudi jina langu halikuwepo. Nilisimama dirishani nikamwambia yule mtu, niko hapa, unaniona. Akaangalia karatasi, akasema hupo. Miezi mingi nilikuwa mtu asiyekuwako, nakula kwenye sahani ya mjukuu wangu. Nami sasa, kwa mkono wangu, nimemfanyia mwingine vilevile, na nilikuwa nimejisikia vizuri!

Kilichonirudisha mimi kwenye orodha ni barua. Mama mwalimu huyuhuyu aliiandika, kurasa mbili, akaeleza kila kitu: umri wangu, msiba, kosa si langu. Waliisoma, wakanirudisha. Tangu siku hiyo naamini barua kuliko dawa.

Nikamwambia, "Leta kalamu."

"Kuandikia nani?"

"Mameneja bote. Makumi mbili na tisa."

Akasita. Namkumbuka alivyosita, ameshika miwani kwa mkono mmoja. "Mama, tusingoje kwanza? Pengine..."

"Kungoja nini? Jina halirudi kwa kungoja! We hukunisaidia kwa kungoja."

Hiyo ilimmaliza. Mahali pa kuwaandikia wote kwa mara moja pako humo humo kwenye mchezo, akapaona. Mi nikasema, yeye akaandika kwa Kiingereza. Nilisema: Waheshimiwa, mimi ni bibi wa mwenye timu hii. Yeye amelazwa. Mimi sijui mchezo, nimemtoa mtoto huyu kwa kosa langu. Mjukuu wangu amemlea miaka mitatu na anamtegemea kuliko wote. Namba zake ni mbaya, nakubali, lakini mjukuu wangu anajua kilichomo ndani yake, na yeye si mtu wa kudanganyika. Nawaomba kwa heshima msimguse. Mungu awabariki.

"Hapo kwa kumutegemea kuliko bote," mama mwalimu akauliza, "tuache?"

"Acha. Waone uzito."

Ikaenda. Nikakusanya maharage yaliyobaki.

Kesho yake, Jumatano, nilipata ruhusa ya kutoka nikaenda Lilongwe. Sikutaka kumwambia kwa simu. Kosa linaungamwa uso kwa uso, hivyo nilivyolelewa. Nilimkuta amelala ubavu wa kushoto, wifi yake akimkata kucha. Wodi ilikuwa kimya, wanawake wengi na matumbo yao. Alifurahi kuniona. Akanusa kikapu, akauliza kama nimeleta sombe, yale majani ya muhogo. Nikampa. Nikamwacha ale kijiko cha tatu, halafu nikasema yote, mzee aliyengoja miaka kumi na moja, mshale, tarehe, mkato.

Kijiko kilisimama. Mi nilikuwa naangalia tumbo lake, sio uso.

Akameza. Akasema polepole, kama anajisemea, "Muhogo wangu."

"Njo yeye."

"Jana saa ine?"

"Saa ine."

Akafumba macho. Niliona anahesabu. Halafu akayafungua, na nikashangaa, sauti yake ilikuwa imetulia. "Hakuna neno, koko. Si mwisho. Namba zake ni mbaya sana, amepigwa mwaka mzima. Mutu akimuona pale, atasema huyu bamemutupa kwa sababu hafai. Hakuna mwenye kuangalia takataka ya mwengine. Kesho saa ine atarudi kwetu chini. Tukae kimya tu. Tusiseme kitu kwa mutu."

Nikavuta kikapu karibu.

"Kimya namna gani?" nikauliza.

"Kimya. Tusionyeshe kama tunamutaka."

Wifi yake aliacha kucha. Alikuwa ameusoma uso wangu kabla ya mjukuu wangu. Nikasema, "Nimeandika barua."

"Kwa nani?"

"Kwa bote."

"Umeandika nini, koko?"

Nikamwambia, neno kwa neno. Nilipofika pale kwenye kumtegemea kuliko wote, alikiweka kijiko chini. Nimeona watu wengi wakishtuka maishani mwangu, nimewaona wakisikia risasi, lakini sijawahi kuona uso wa mtu unamwagika vile. Kisha akageukia ukutani. Hakunikaripia. Ningependa anikaripie. Alisema tu, kwa ukuta, "Ulibapa sababu ya kumuangalia."

Muuguzi akaja kupima presha. Akapima, akapima tena, akaniangalia. Akaniambia kwa Kichewa nitoke nje, mgonjwa apumzike. Nikasema zikomo, asante yao, nikatoka, na nilisimama uani pale akina mama wanapopikia wagonjwa wao, moshi unaniingia machoni, mi mwenye miaka sabini na moja, nikijiambia: umefanya mwenyewe. Mimba mbili zilikwenda bila mkono wako. Hii ikienda, itakuwa mkono wako. Kwa sababu ya mtu asiyekuwako!

Wifi akatoka jioni jua likiwa bado juu ya mabati, akaniambia presha imeshuka kidogo, niende nyumbani, nisirudi mpaka niitwe.

Alhamisi nilikaa mbele ya mlango na telefone mapajani, bila ungo. Mama mwalimu akaja bila kuitwa, akakaa kwenye bidoni. Ile saa ndogo ikahesabu mpaka ikafika mwisho. Kwa muda hakuna kilichotokea, nikaanza kuvuta pumzi. Halafu jina likatoweka kwetu. Pale lilipokuwa hapakuwa na kitu, hata alama.

"Bamemubeba," mama mwalimu akasema. "Timu ya mwisho."

Baada ya dakika chache ikaja barua, ya huyo meneja wa timu ya mwisho, mtu wa mbali sijui wapi. Mama mwalimu aliisoma kwanza kimya, nikaona anataka kuifunga. Nikasema, soma. Akasoma. Yule mtu alikuwa na adabu, hilo njo lilinimaliza. Alisema: Bibi mheshimiwa, asante kwa barua yako nzuri. Nilikuwa nimempita kijana huyu bila kumwangalia. Barua yako ilinifanya nirudi kumtazama vizuri, na naona mjukuu wako ana macho. Sheria inaniruhusu, na timu yangu ni dhaifu sana. Nitamtunza. Namwombea mjukuu wako apone.

Bila barua yangu asingemwangalia. Nilimwomba mama mwalimu airudie sentensi hiyo, akairudia. Nilikaa pale mpaka kivuli cha nyumba kikanifika magotini. Barua iliyonirudisha mimi kwenye orodha, barua ileile, mwandiko wa mtu yuleyule, ilimtoa yule mtoto mikononi mwetu. Nilitaka kuelewa na sikuelewa. Sasa naelewa kidogo: mi nilidhani kila dirisha nyuma yake kuna mtu wa kunihurumia. Kule kulikuwa na watu ishirini na tisa wanaotafuta mihogo.

Ilipita siku tano ndipo simu ya vibonye ikaniita. Nilipokea nimesimama.

"Koko. Unabonyeza kijani?"

"Kila asubuhi." Halafu nikasema haraka, maana nilikuwa nimelibeba siku zote hizo, "Yule mzee nimemuangalia. Anapiga hewa tu. Kila siku saa nane ni aibu. Nimushushe?"

"Hapana."

"Amechukua mahali pa..."

"Koko, sikia. Umeshamupandisha. Mutu wa myaka kumi na moja anahitaji zaidi ya siku tano. Muache. Mi nilimuonaka, sikumupandisha kwa sababu niliona amezeeka. Pengine nilikosa. Tutaona." Nikasikia kelele za wodi. "Na usimuandikie mutu."

"Siandiki."

"Hata kusalimia."

"Nimesema siandiki!"

Alicheka. Kidogo, lakini nilikisikia kicheko chenyewe. Nikakaa chini hapo hapo nilipokuwa.

Kazi ngumu kuliko zote nilizofanya Dzaleka ni hiyo ya wiki zilizofuata. Kufungua, kubonyeza kijani, kufunga. Kuona mshale na kuuacha. Kumwona mzee anapiga hewa, na siku moja, wiki ya tatu, saa nane, kuona ameupiga mpira na watatu wamefika nyumbani, pointi tatu, na kutokuwa na mtu wa kumwambia ila mama mwalimu, aliyeniuliza, "Sasa ni mzuri ao si mzuri?" nikamjibu, "Ni moja. Tungoje." Neno hilo lilitoka kinywani mwangu, nikageuka kuona nani amelisema.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mkubwa, anapiga kelele kama mimi. Walirudi siku ya mvua. Nilimpokea mtoto, nikampa mjukuu wangu telefone yake, nikasema kile nilichokuwa nimepanga kusema. Nilimwambia nimekukosea. Sikuongeza sababu.

Akasema, "Najua, koko." Akakaa kitandani, akafungua. Nilijua anakokwenda kuangalia, maana nami nilikuwa naangalia huko kila siku kabla hata ya kwetu. Muhogo wake yuko timu ya yule meneja. Hawakumpandisha haraka, wamemwacha chini ajifunze, na namba zake zimeanza kunyooka.

"Anamutunza," mjukuu wangu akasema.

"Alisema atamutunza."

"Iko kwa liste yake?"

"Iko. Ya makumi ine. Naangaliaka kila asubuhi."

Akatikisa kichwa, akabaki anaangalia jina hilo muda mrefu. Halafu akarudi kwenye timu yetu, akashuka chini kabisa, mahali ambapo mi sikuwahi kufika, penye majina ya watoto ambao hakuna aliyewachukua. Alipitia mmoja mmoja, mtoto wake ananyonya. Nilimwona anasimama kwenye mmoja. Miaka kumi na sita, mrushaji, namba mbaya sana.

"Huyu," akasema. "Unaona nini, koko?"

"Sioni kitu."

"Vizuri. Na bengine habaoni." Akabonyeza kijani. "Myaka tano. Pengine sita."

Nikahesabu. Sabini na moja, na sita. Nilihesabu kweli, kwa vidole, kama ninavyohesabu majira ya kupanda, na nilishtuka kuona kwamba nilitaka kufika.

"Basi unionyeshe tena ile ya kijani," nikamwambia. "Hii ingine yote, uifungie mahali sifiki."